Nani Aligawa Soko la Vitabu Bila Kutuuliza?

Jamani, tuongee kitu ambacho kwenye vikao vyetu hakisemwi: vitabu. Uwe Rutamba au Kariakoo, bando lipo na hela ipo, bado kuna vitabu vya kielektroniki ambavyo duka la mtandaoni litakujibu havipatikani nchini mwako. Si mtandao mbovu. Ni mkataba.

Hakimiliki haina sheria moja ya dunia nzima. Kila nchi ina yake. Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kwa hiyo mwandishi anaweza kuigawa kazi yake kama shamba: kipande kwa mchapishaji wa London, kingine kwa wa New York. Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, riwaya ya enzi za Wajerumani huku kwetu, ilitoka Uingereza 2020 kwa Bloomsbury. Marekani ilitoka 2022 kwa Riverhead. Mwandishi simlaumu, kila kipande kinamlipa. Ningekuwa mimi ningeuza hivyohivyo.

Kinachoniuma ni nani alichora mipaka. Mwaka 1947 wachapishaji wa Uingereza walikubaliana kwamba hawanunui haki za kitabu cha Kimarekani bila kupewa soko lote la Dola yao. Makubaliano hayo yalikufa 1976, baada ya serikali ya Marekani kuwashtaki wachapishaji wake. Sisi tulishakuwa huru miaka 15! Na mazoea yamebaki: haki za Uingereza na Jumuiya ya Madola bado zinauzwa kifurushi kimoja, nasi tumo humo ndani. London wasipoona faida ya kuleta nakala, mwingine naye haruhusiwi. Yaleyale ya mjusi wa Tendaguru: alichimbwa mkoani kwetu kati ya 1909 na 1913, yupo Berlin, nani alituuliza?

Mtasema kuna kesi ya Kirtsaeng. Kweli. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Kithai aliyesoma Marekani. Ndugu zake walimnunulia vitabu vya bei nafuu Thailand, akaviuza kule. Wiley wakamshtaki. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 6 kwa 3, ikasema nakala halali ukishainunua unaweza kuiuza tena. Lakini hiyo ni sheria ya kwao. Ya kwetu inahesabu hata uingizaji wa nakala kuwa haki ya mwenye kazi. Na kitabu cha kielektroniki hununui nakala, unapewa leseni tu.

Sasa tudai nini? Kuiba PDF sikubaliani nako, maana waandishi wetu ndio wanaoumia kwanza. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu 1994, una Kiambatisho cha 1971 kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Kwa lugha kama Kiswahili, kitabu kikikaa mwaka 1 bila tafsiri, na miezi 9 ya kusubiri ikapita, mamlaka ya nchi inaweza kutoa leseni ya kukitafsiri kwa ajili ya kufundishia na utafiti. Mwandishi analipwa. Nchi inayotaka nafasi hiyo hupeleka tamko WIPO, na tamko lenyewe huhuishwa kila miaka 10.

Ilani yetu ijayo iseme wazi kwamba tukishika serikali tamko hilo litakuwepo, halitaachwa life, na COSOTA itakuwa na dawati la kupokea maombi ya walimu. Aya mbili tu kwenye sura ya elimu. Rasimu ninayo, anayekaa kwenye kamati anitafute.