Sukuk: Haki ya Mwekezaji Imesimama Juu ya Nini?

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

Tangu Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi, Dk. Hussein Ali Mwinyi, alipozindua Sukuk ya Zanzibar mwaka 2025, mazungumzo mengi yamehusu faida. Lipo swali linalotangulia faida: haki ya mwenye hati imesimama juu ya nini?

Hatifungani ya kawaida ni deni. Mwekezaji anakopesha, analipwa riba, na muda ukifika anarejeshewa mtaji wake. Sukuk ni hati ya sehemu katika mali, manfaa au biashara. Pato lake hutokana na kodi ya mali, mfumo uitwao ijara, au mgao wa faida, yaani mudaraba. Kwa kawaida mali huwekwa mikononi mwa kampuni maalumu inayotoa hati kwa niaba ya wawekezaji, na mwishoni mtoaji huinunua tena.

Ununuzi huo wa mwisho ndio uliozua mjadala. Mwaka 2007 Sheikh Muhammad Taqi Usmani, mwenyekiti wa bodi ya sharia ya AAOIFI, taasisi ya viwango yenye makao Bahrain, alisema takriban asilimia 85 ya sukuk zilizokuwapo hazikutimiza masharti ya sharia, kwa kuwa ziliahidi kurejesha mtaji kamili hata biashara ikipata hasara. Februari 2008 AAOIFI ilitoa mwongozo uliosisitiza kuwa wenye hati wamiliki mali kwa hakika.

Funzo zito lilikuja mwaka 2017. Dana Gas, kampuni ya gesi ya Sharjah, ilitangaza kuwa sukuk yake ya mudaraba ya dola milioni 700 haikuwa halali tena kwa sheria za Umoja wa Falme za Kiarabu, hivyo haitailipa. Hata hivyo, ahadi ya kununua mali ilikuwa chini ya sheria ya Uingereza, na Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya London iliamua kuwa ahadi hiyo ni halali. Mwaka 2018 pande mbili zilipatana. Shughuli ilikuwa moja, lakini mikataba yake ilifuata sheria za nchi mbili.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Usajili wa kampuni si suala la Muungano: Zanzibar inayo Sheria ya Kampuni Namba 15 ya 2013, na Tanzania Bara inayo ya mwaka 2002. Kwa hiyo mahali iliposajiliwa kampuni maalumu huamua ni sheria ipi inayoiongoza.

Uzoefu umeanza kujengeka nchini. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na mwaka 2022 Benki ya KCB Tanzania ilitoa Fursa Sukuk.

Mwananchi anayepokea waraka wa matarajio wa sukuk yoyote atafute humo majibu manne: mali ni ipi na inamilikiwa na nani, nani anasimamia maslahi ya wenye hati, mtoaji akishindwa kulipa, wenye hati watadai mali au watadai fedha, na ni sheria na mahakama ya wapi itakayoamua mgogoro. Asiyeyaona amuulize wakala au mwanasheria kabla ya kutia saini. Fatwa ya wanazuoni huthibitisha uhalali wa kidini. Haki ya kudai mahakamani hutokana na mkataba.