Ajali Haina Kinga?

Ipo methali ambayo katika miaka yangu yote ya ualimu sikupata kuipenda, na sasa nikiwa mstaafu nimeanza kuichukia: "Ajali haina kinga." Hapa Mzumbe naisikia karibu katika kila msiba wa mtoto. Mtoto amemwagikiwa na maharage ya moto, watu wameketi mkekani, mzee mmoja anaitoa methali, wote wanaitikia kwa kichwa, na mazungumzo yanahamia kwenye mvua.

Hebu kwanza tuisome vizuri. Neno "ajali" tulilipata kwa Waarabu, na kwao ni muda uliokadiriwa, saa ya mtu kuondoka duniani. Kwa maana hiyo sina ugomvi na methali. Saa hiyo hakuna awezaye kuizuia. Lakini sisi tumelichukua neno hilo hilo tukaliita gari kupinduka, sufuria kupinduka na mtoto kutumbukia shimoni, kisha tukaiacha methali ikatawala mambo ambayo haikutungiwa. Sufuria ina kinga. Kinga yake ni jiko kuondolewa sakafuni mahali mtoto anapotambaa.

Chukua mafuta ya taa. Ni nani aliyeyatia katika chupa ya soda akaiweka chini ya meza? Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Anachojua ni kwamba chupa ya namna ile ilikuwa na kitu kitamu siku ya sikukuu. Akishakunywa, jirani mmoja huja mbio na maziwa, mwingine humtia kidole kooni ili atapike. Ndugu msomaji, mafuta hayo huua zaidi yanapoingia mapafuni, na kutapika kunaweza kuyapeleka huko huko. Mtoto asitapishwe, akimbizwe kituo cha afya. Kule Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waligawa vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko ambavyo mtoto mdogo hawezi kuvifungua, na idadi ya watoto waliokunywa mafuta ikapungua karibu nusu. Sasa nauliza: saa zao zilisogezwa na kifuniko?

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa taarifa kwamba watoto zaidi ya 830,000 hufa kila mwaka kwa majeraha yasiyokusudiwa, na zaidi ya asilimia 95 kati yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Kama ni kadari, mbona inachagua nchi?

Wapo watakaosema umaskini ndio unaoua. Kwa kiasi fulani ni kweli; mama anayelima mlimani hana mtu wa kumwachia mtoto. Lakini jambo linalonikera kuliko yote ni lawama kumwangukia dada mwenye miaka minane aliyeachiwa mdogo wake mgongoni na chungu jikoni. Baba anarudi jioni, anamgombeza: "Ulikuwa wapi?" Huyo naye ni mtoto! Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemkabidhi mzazi wajibu wa kumkinga mtoto na hatari, dada hakutajwa. Katika chuo cha ualimu, mwanachuo aliyeingia darasani bila andalio la somo hatukumkubalia kisingizio cha bahati mbaya, wala kumsingizia mwanafunzi.

Kuhusu kuungua, nitasema kwa ufupi. Maji safi ya baridi yatiririke juu ya kidonda kwa dakika 20, kisha hospitali. Si ute wa yai, si majivu. Na dawa ya meno ni ya meno.

Nimeacha mashimo hadi mwisho kwa sababu yananihusu kama jirani. Wanaofyatua matofali huchimba udongo, huchoma tanuru, huuza, na huondoka. Masika yakija, shimo linakuwa bwawa, na watoto wanaenda kuogelea. Lipo moja nyuma ya njia wanayopita wanafunzi, kina chake kinanizidi mimi niliye mrefu. Nimekwenda mara tatu kwa mwenyekiti wa kitongoji. Amenijibu kwa adabu kwamba mwenye shimo atalifukia akishauza tanuru lililobaki. Nilimwomba walau tuliwekee uzio wa miba, akasema tusubiri kikao. Kikao kimepangwa Aprili, na mvua hapa huanza Machi.