Anayenunua kwa Gunia na Kuuza kwa Kilo Hawezi Kusema Hakujua

Mfanyabiashara akikamatwa na shehena ya viazi iliyofungwa lumbesa, utetezi unaosikika sana ni kwamba hakujua kama sheria inakataza. Utetezi huo huvuta huruma kwa sababu sheria zetu ni nyingi na wauzaji wengi wa mazao hawajawahi kukutana na mwanasheria. Lakini hebu tuitazame lumbesa yenyewe inavyofungwa. Gunia hujazwa hadi mdomoni na kushindiliwa, kisha hushonewa kipande kingine juu, viazi vikapangwa kimoja kimoja mpaka vifanye nundu, ndipo kamba ipitishwe huku na huku kuishikilia nundu hiyo isimwagike. Hiyo ni kazi ya ufundi, na anayeifanya hulipwa. Hakuna anayefunga lumbesa kwa bahati mbaya.

Kanuni za vipimo nchini Tanzania zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kenya imekwenda mbali zaidi kwa upande wa viazi: kanuni zake za mwaka 2019 zimeweka ukomo wa kilo 50. Kuhusu utetezi wa kutojua, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema wazi kwamba kutoijua sheria si kinga, isipokuwa pale sheria yenyewe inapotamka kuwa ujuzi huo ni sehemu ya kosa. Msimamo huo una sababu nzito. Mahakama zikianza kuwaachia wasiojua, mfanyabiashara aliyejisumbua kuuliza ofisi ya vipimo atakuwa amejitia hasara, na aliyeziba masikio atavuna faida.

Hoja yangu hata hivyo haitegemei kifungu. Mnunuzi wa lumbesa huchukua mzigo shambani kwa gunia, lakini akifika sokoni mjini huutoa kwa kilo au kwa ndoo. Tuseme gunia lina kilo 130 na mkulima amelipwa bei ya gunia la kilo 100. Kwenye magunia mia moja, tani tatu za viazi zimehama kutoka kwa mkulima bila malipo. Tani hizo mnunuzi anazijua vizuri mno, maana ndizo anazopigia hesabu ya nauli ya lori na faida ya safari. Ambacho pengine hakijui ni namba ya kifungu na kiwango cha faini. Kutojua adhabu ya jambo ni tofauti kabisa na kutojua kwamba jambo hilo linamuumiza mtu mwingine, na utetezi wa “sikujua” hupata nguvu yake kwa kuyachanganya hayo mawili.

Wapo watakaosema mkulima mwenyewe amekubali, na kwamba ndiyo desturi ya soko. Lakini viazi vilivyokwisha kuchimbwa havisubiri. Mkulima wa Njombe au Lushoto ambaye hana ghala, na ambaye ada ya shule inamsubiri, akikataa lumbesa, lori linahamia shamba la jirani. Ridhaa ya namna hiyo haitoshi kuhalalisha kipimo. Sheria za vipimo zipo kwa sababu hiyo hasa: kumwondolea mnyonge mzigo wa kubishana na mwenye fedha kuhusu uzito wa mali yake mwenyewe.

Pingamizi linalonipa shida ni la lugha, na ni la haki. Kwa miaka mingi sheria za Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu ambapo Bunge lilipitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Serikali haiwezi kumtaka mama anayeuza nyanya Mabibo azijue kanuni ambazo haijamsomea. Kwa masharti ambayo dhamiri peke yake haiwezi kuyafundisha, kama vile leseni gani ikatwe wapi na kwa muda gani, mkosaji wa mara ya kwanza anastahili onyo na maelekezo kabla ya faini. Hapo nakubali kabisa. Ila nafuu hiyo iwe kwenye adhabu, isiguse uhalali wa kitendo, na ipungue kadiri mtu anavyokuwa na uwezo wa kuuliza. Mwenye malori matatu ana simu, ana karani wa hesabu na anapita mbele ya ofisi za serikali kila wiki. Kosa letu kubwa ni kwamba mara nyingi mkono wa sheria humfikia dereva au mkulima, kwa kuwa ndiye aliyekutwa na gunia, huku mwenye mzigo akiwa mjini anasubiri simu. Kila kijiji kinachouza viazi kiwe na mizani iliyohakikiwa na tangazo la Kiswahili mahali pa kupakilia, na pakikutwa lumbesa barabarani, swali la kwanza liwe: nani aliyelipia ifungwe?