Simiti Nyeupe Kwenye Bafu? Mimi Nimekataa

Bafu langu hapa Ikonge, Nyamira, lilipendeza kwa miezi minane. Kisha mistari kati ya vigae ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni, na rangi ya ukuta wa chumba cha kulala, upande wa pili, ikaanza kubambuka. Fundi alikuwa amejaza simiti nyeupe kila mahali, hata kwenye kona. "Mzee, kila mtu hutumia hiyo," aliniambia.

Ndiyo, na kila mtu analia. Nyamira hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka. Huku kwenye mashamba ya chai hata taulo hukauka kwa shida. Simiti tupu hunywa maji. Nunua grauti yenyewe, ile ya kujazia mistari ya vigae; mfuko ukiruhusu, ya epoksi, ambayo hainywi. Lakini kwenye kona, na pale sakafu inapokutana na ukuta, usitie grauti kabisa. Hapo pana mwendo kidogo, na grauti ngumu hupasuka. Tia silikoni ya bafu yenye dawa ya kuvu, uiache saa 24 bila maji. (Sisi tuliogea beseni nyuma ya jikoni.)

Nimekwangua mistari ile kwa siku tatu, na magoti bado yananiuma. Fundi wako akija na simiti nyeupe pekee, mrudishe dukani.