Barua yetu iko komine, na mvula iko njiani

Tarehe 4 mwezi wa munane tulifika ku komine saa tatu ya asubuhi. Tulikuwa watu 11: bamama wanne ba soko, tata mmoja aliyekuwa mwalimu, mwenye duka la kona, na siye vijana watano. Tulibeba barua ya kurasa mbili na orodha ya majina 312, kila jina na sahihi yake. Wengine waliweka kidole juu hawajui kuandika, na kidole chao kina uzito sawa na kalamu ya daktari.

Barua inaomba vitu vitatu tu. Kwanza, kuzibua kanivo yenye inatoka nyuma ya soko na kukata avenii yetu, kabla mvula haijaanza. Pili, kutengeneza kidaraja chenye kilivunjika, pale watoto wanavuka kwenda masomo, juu leo wanapita ku mbao mbili zenye hata misumari hazina. Tatu, gari moja ipite mara moja kwa juma kubeba takataka za soko. Basi. Hatukuomba lami wala mataa ya barabarani.

Kwa wenye hawaishi kwetu, tuseme kidogo vile ilikuwa mvula iliyopita. Usiku mmoja wa mwezi wa pili mayi ilijaa katika kanivo, ikakosa pa kupita, ikaingia manyumbani. Si mayi safi: ilipita kwanza mu vyoo vya parseli tatu. Mama mmoja, jirani, alilala na watoto wake wawili juu ya meza mpaka asubuhi, akishika taa ya simu mkononi. Ukuta wa nyumba ya pili ulianguka. Juma lililofuata mtoto wa miaka minane aliteleza ku zile mbao, akavunjika mkono, na wazazi wake waliuza radio na kitanda kulipa hospitali. Kila mtu wa avenii alijua. Kila mtu alipiga picha. Na siye, tusijidanganye, tulizituma mu makundi ya WhatsApp, tukatukana wakubwa, tukahesabu watu wangapi wamependa, tukalala.

Njo maana safari hii tuliandika.

Ku komine, mtu wa kupokea barua alisoma mstari wa kwanza, akainua macho: «Muko ba chama gani?» Tukamwambia hatuna chama, tuko wakaaji. Akasema barua ya watu wengi hivi ni politiki, ingekuwa vizuri tupitie kwanza kwa shefu wa kartie, yeye atuombee. Tukamwambia shefu wa kartie aliambiwa tangu mwezi wa pili, kwa mdomo, na mdomo hauna kashe. Hapo akakasirika kidogo. Tulikaa ku benchi zaidi ya saa mbili. Mama mmoja alitoa karanga, tukala, tukampa na yeye. Saa tano na nusu kashe ilianguka ku kopi yetu, na tarehe, na namba ya barua.

Ile kopi ni kitu cha bei kuliko hotuba zote tumewahi kutoa, na tunataka kila kijana wa mji huu ajue sababu. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 27, inasema Mkongomani yeyote anaweza kupeleka ombi kwa wakubwa wa serikali, yeye peke yake ao pamoja na wengine, na wakubwa wanapaswa kumjibu katika miezi mitatu. Kifungu hicho hicho kinasema hakuna mtu anaweza kushitakiwa, kwa namna yoyote ile, juu ameandika ombi kama hilo. Bila kashe na tarehe, miezi mitatu inaanza lini? Haianzi. Utaambiwa barua haikuonekana, sekretere alihamishwa, urudi juma lijalo. Na kashe, unahesabu ku kalenda kama vile unahesabu siku za likelemba.

Tumehesabu. Miezi mitatu inaisha tarehe 4 mwezi wa kumi na moja. Wakaaji wa Lubumbashi wanajua kitu gani kingine kinaanza wakati ule. Mvula haisomi Katiba, lakini mwaka huu zitafika siku moja.

Sehemu ya pili ya kifungu, ile ya kutoshitakiwa, tulifikiri ni ya wanasheria. Juma mbili kisha kupeleka barua, mtu alianza kuzunguka mu parseli kuuliza nani aliandika, nani alilipa karatasi, nani yuko nyuma. Hakupiga mtu, hakutisha waziwazi. Aliuliza tu, kwa heshima, mara tatu tatu. Kesho yake mama mmoja alikuja kutuomba tufute jina lake, juu bwana yake anafanya kazi ya serikali na hataki matata. Tulifuta. Hatumlaumu hata kidogo. Lakini tunasema wazi hapa: ni vile njo wanamaliza barua bila kuijibu. Hawakatai. Wanaogopesha majina moja moja, 312 inakuwa 200, 200 inakuwa 40, mwisho wanabaki «vijana wachache wenye fujo». Kama mtu amekuja kwako kuuliza, umuonyeshe kifungu cha 27 na umuulize jina lake na wewe.

Kuna wandugu wanatuambia barua ni kazi ya wazee, tushuke barabarani. Tunawapenda, na wengi tulikuwa nao barabarani. Lakini maandamano ya kuomba nini, kwa nani? Ukifunga barabara leo juu ya kanivo, wakubwa watasema hawakujulishwa, na kesho gazeti litaandika juu ya matairi, si juu ya mbao mbili. Tuwe kwanza na karatasi yenye inaonyesha walijulishwa na walinyamaza. Barabara haikimbii.

Wengine wanasema kinyume: «Acheni kulialia, fanyeni salongo.» Sawa. Tulifanya. Jumamosi mbili za mwezi wa tisa tulitoka na majembe na ndoo, bamama na vijana, hata mwenye duka alifunga duka. Tulitoa matope, machupa, manguo, tairi moja ya lori. Na matope yale yako wapi leo? Yako pembeni ya kanivo, yanangoja mvula ya kwanza yarudi ndani, juu hakuna gari ya kuyabeba. Na kule chini, pale kanivo inaingia chini ya barabara kubwa, tundu limezibwa na simenti na takataka ngumu kama jiwe. Jembe haliwezi. Salongo ni vizuri, lakini mtu asiifanye kuwa dawa ya kumponya mkubwa kazi yake. Mama wa soko analipa tiketi ya meza yake kila siku Mungu anaumba, hata siku hajauza. Amelipa kazi ile tayari.

Tena wana njia yao ya kukuchosha: komine inakuambia ni kazi ya meya, kwa meya wanakuambia ni ya provinsi, provinsi inakurudisha komine. Mtu anatumia pesa ya basi mpaka anaacha. Kwetu, hatutaki kujua ukuta wa ofisi gani unaanza wapi. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji na komine inaipa komine baraza lake na bajeti yake, na baraza lile njo linapitisha bajeti. Kama kazi fulani inapita nguvu ya komine, komine iandike yenyewe kwa yule wa juu, na itupe kopi. Siye tuliandikia nyumba yenye iko karibu na siye.

Hapa tufike kwa washauri wa komine, wale tunawaita makonseye. Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura nne siku moja: raisi, wadeputé wa taifa, wadeputé wa provinsi, na makonseye wa komine. Tuseme ukweli, ile ya nne wengi hatukuichunga. Tulichagua mjomba, ao mtu wa kanisa letu, ao sura tuliyoizoea. Miaka na miaka katika nchi hii hakuna mtu alituomba kura kwa ajili ya komine. Tena inachekesha kidogo, kwa sababu mji huu, wakati uliitwa bado Élisabethville, ulikuwa moja ya miji mitatu ya kwanza ya Kongo kupiga kura ya komine, mwezi wa Desemba 1957, pamoja na Léopoldville na Jadotville. Babu zetu walijua kura ya komine mbele ya uhuru, na siye tunaianza upya kama wageni.

Tumesikia makonseye wakilalamika kwamba hawalipwi, hawana ofisi, hawana kiti. Ni kweli ni haya ya serikali, na siku wataandika barua juu ya mishahara yao tutaweka sahihi na siye. Lakini kuuliza swali mu baraza hakuombi mshahara. Kusoma barua ya watu 312 kwa sauti mbele ya burgumesta hakuombi mafuta ya gari. Mmoja wao, tulipompigia simu, alikuja mwenyewe usiku, kwa miguu, na tochi. Aliingia mu kanivo na viatu vyake, akaangalia lile tundu lenye kuzibwa, akasema ataleta swali. Hatujaona bado jibu, lakini alikuja, na tunaandika hapa kwamba alikuja. Wengine wawili walisema watatuita. Simu zetu ziko na moto, tunangoja.

Jambo moja tulijifunza, tuwape na wengine wenye wanataka kuandika. Barua yetu ya kwanza ilikuwa na maombi 14. Kulikuwa ndani lami, mayi ya REGIDESO, moto wa SNEL, stade, bibliotheki, na hata kamera za usalama. Tulijivuna nayo sana. Mama wa miaka karibu 70 alisikiliza tukimsomea yote, akauliza: «Batoto, munalomba bintu mingi hivi, batajua kuanza na gani? Bataanza na hakuna.» Tulinyamaza. Jioni ile tulifuta 11. Kila ombi lenye lilibaki, mtu anaweza kwenda kuliangalia kwa macho na kusema limefanyika ao halijafanyika. Kanivo inapitisha mayi ao haipitishi. Hapo hakuna semina ya kufanya.

Sasa, mpango. Hadi leo hatujapata jibu la kuandikwa. Tumerudi ku komine mara mbili kuuliza, kwa adabu, na kila mara tuliandika tarehe na jina la kazi ya yule alitupokea. Tarehe 4 mwezi wa kumi na moja, saa tatu ya asubuhi, tutakuwa pale tena na kopi yenye kashe. Kama kuna jibu, tutalisoma kwa sauti ku avenii jioni ile ile, hata kama jibu ni «hapana, hakuna pesa». Hapana yenye sahihi ni kitu: tutaomba watuonyeshe bajeti, na tiketi za soko zinaingia ku mstari gani. Kama hakuna jibu, siku ileile tutaweka barua ya pili, ya kujulisha wakubwa vile kifungu cha 26 kinataka, kwamba tutakaa mbele ya komine, chini, bila jiwe, bila tairi, mpaka mtu atoke kuongea na siye.

Wenye majina yao yako ku orodha, mfike na karata zenu za kura. Wenye kuishi ku avenii zingine na wanataka kufanya yao, mje muone kwanza vile tunafanya, mukopi barua yetu, mubadilishe tu kanivo. Na mvae viatu vya mayi, juu pengine itakuwa imeanza kunyesha. Yule mama wa meza amesema atakuja, na kwamba meza ataiacha nyumbani, ameshaipandisha ku matofali.