Timu Isiyoweza Kwenda Ugenini

Julai 2025 Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, liliirudisha Zambia katika orodha ya wanachama wake. Zambia ilikuwa imesimamishwa mwaka 2019 na kufutwa uanachama mwaka 2021. Tangu irudi, wapo wanaodai kwamba kilichobaki ni kusambaza magongo na mipira vijijini, hadi Nchelenge kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, na mchezo utaota wenyewe. Napinga. Gongo halijawahi kuunda timu. Vijana kumi na mmoja huwa timu siku wanapopanda lori au boti kwenda kucheza kwa watu, mbele ya mashabiki wasiowajua.

Katika kriketi jambo hili lina uzito kuliko katika kandanda. Mpira hurushwa umbali wa mita 20 hivi na mara nyingi hudunda chini kabla ya kumfikia mpigaji, kwa hiyo udongo nao unacheza. Aliyejifunza kupiga kwenye mchanga wa ziwani hajui lolote mpaka asimame kwenye udongo mgumu wa bara, mpira umrukie kifuani. Kisha mchezo wenyewe ni mrefu. Wageni hushinda kutwa, na wenyeji hawana budi kuwalisha: kule Mweru ingekuwa ubwali na chisense, wale dagaa wa ziwa hilo. Watu waliokula pamoja baada ya kubishana mchana kutwa kuhusu wiketi moja hawawi tena wageni kabisa.

Sasa tuseme timu hiyo inaundwa Mantapala. Haya ni makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018, kwa ajili ya Wakongo waliovuka mpaka kuanzia Agosti 2017 wakikimbia vita. Walipewa mashamba, na shule na zahanati zikapangwa ziwahudumie wao na wenyeji kwa pamoja. Zambia ilisifiwa sana kwa mpango huo, na kwa haki. Lakini Zambia ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka sharti juu ya ibara ya 26, ile inayohusu uhuru wa kwenda utakako, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2017 haikuliondoa. Mkimbizi huishi alipopangiwa. Akitaka kutoka, aombe kibali, chenye jina lake na siku zake.

Hesabu basi mechi moja ya ugenini. Wachezaji kumi na mmoja, wawili wa akiba, kocha, mtu wa kuandika mikimbio: vibali kumi na vitano. Mrushaji mmoja akikosa chake, mpango wote umeharibika. Timu ya mjini Nchelenge itakwenda Mantapala, itacheza, itarudi nyumbani jioni. Ya Mantapala itakaa ikingoja wageni milele. Huo si mchezo, ni kutembelewa.

Najua jibu litakalotolewa: wakimbizi wana shida kubwa kuliko kriketi. Wanazo. Lakini waulizeni Waafghani. Katika kambi ya Kacha Garhi, nje ya Peshawar, vijana waliokimbia vita walijifunza mchezo huu kwa Wapakistani na wakaunda klabu. Hawakubaki kuchezea kambini. Walitoka wakapambana na timu za Pakistani, wakafungwa, wakajua kasi ya mpira wa watu wengine. Shirikisho la kriketi la Afghanistan likaanzishwa mwaka 1995 na kuingia ICC mwaka 2001. Mwaka 2024 Afghanistan iliifunga Australia na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova ishirini. Sisemi Mantapala itaifunga Australia. Nasema kwamba kama vijana wale wangehitaji kibali kwa kila mechi, historia hiyo ingeishia kwenye ua wa kambi.

Wengine watanitajia timu ya Wamaasai wa Laikipia, Kenya, iliyosafiri mpaka Uingereza mwaka 2013 kwa mashindano ya timu za ridhaa. Ni mfano mzuri, maana vijana wale walirudi na sauti ya kupinga ukeketaji mbele ya wazee wao. Hata hivyo someni yaliyoandikwa juu yao: shuka, shanga, shanga, shuka. Matokeo ya mechi utayatafuta kwa tochi. Safari moja ya kwenda kupigwa picha mbali haiwezi kushika nafasi ya mechi kumi za kijiji cha pili. Mantapala haihitaji London. Inahitaji Kashikishi, Mwansabombwe na Kawambwa, Jumamosi hii, na Jumamosi ijayo tena.

(Na yule anayependekeza ligi ichezwe wakati uvuvi umefungwa, Desemba hadi Februari, kwa kuwa vijana hawana kazi, hajaona mvua ya Luapula. Mpira ungezama.)

Kwetu sisi wa Kiswahili jambo hili lina aibu ya ziada. Kila muhula tunaandika kwamba lugha hii huvuka mipaka na kuwaunganisha watu. Wakongo wa Mantapala wengi wamekuja nayo. Nahodha wao angegombana na mwamuzi kwa Kiswahili na kupatana na wapinzani kwa Kibemba. Lugha imevuka. Msemaji wake amesimama getini na karatasi mkononi. Insha zetu kuhusu umoja hazimtaji.

Serikali imekwisha kuahidi mara kadhaa, hata mbele ya mataifa, kulegeza zuio hili. Wakati ahadi hiyo ikisubiri, lipo dogo linalowezekana bila kugusa sheria: kibali kimoja cha timu, chenye majina yote na akiba wao, kinachodumu msimu mzima na kuonyeshwa mara moja kwa kila safari. Afisa anayetia sahihi kibali cha mtu mmoja kwenda sokoni anaweza kutia sahihi orodha ya watu kumi na watano wanaokwenda Kashikishi kurusha mpira.