Dada Kauliza Hesabu, Mnamcheka ya Nini?

Kuna msanii mmoja wa Bongo Muvi, jina kapuni, wiki hii kachekwa mpaka basi. Kosa lake? Hakufumaniwa, hakugombana na mtu. Kapiga picha ukurasa wa daftari lake, kaposti na kuuliza: “Jamani, 1/2 kujumlisha 1/3 kwa nini siyo 2/5? Na kwa nini mafuta yanaelea juu ya maji?” Basi.

Komenti zikafurika. “Kope ndefu, akili fupi.” “Hilo si swali la shule ya msingi?” Mwingine akamwambia arudi kwenye vigodoro, shule siyo saizi yake. Kufika asubuhi posti imefutwa. Skrinshoti bado zinazunguka, jibu hakuna.

Sasa tulia kidogo. Dada huyu aliishia form two. Leo anajiandaa na Mtihani wa Maarifa, ule wa QT, mlango wa kuingilia mtihani wa kidato cha nne kwa mtu ambaye hakumaliza shule. Ana jina, ana wafuasi, angeweza kukaa kimya akala umaarufu wake. Kachagua daftari. Cha kuchekesha hapo ni kipi?

Na tuambizane ukweli: wengi waliomwaga vicheko hawakuandika jibu kwa sababu hawalijui. Hesabu ni somo ambalo kwa miaka mingi limeangusha watahiniwa wengi wa kidato cha nne Tanzania. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari mambo yaleyale yanamjia kwa Kiingereza. Asiyeelewa hanyooshi mkono, anaogopa darasa litamcheka. Akikua, darasa linahamia Instagram.

Jibu lenyewe wala halimalizi bando. Chukua chapati. Nusu yake peke yake tayari ni kubwa kuliko 2/5, sasa ukiiongezea kipande itapunguaje? Vipande lazima vilingane kwanza, kwa hiyo ikate chapati sita sawasawa. Nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili. Jumla vitano kati ya sita, yaani 5/6. Mafuta je? Lita moja ya maji ina uzito wa kama kilo moja. Lita moja ya mafuta ya kupikia haifiki kilo, ni kama gramu 920. Yakiwa kwenye chombo kimoja na hayachanganyiki, yaliyo mepesi kwa ujazo uleule yanakaa juu. Imeisha hiyo.

Hiyo ni dakika moja ya kuandika. Watu wametumia usiku mzima kutunga matusi.

Tena hasara siyo ya staa peke yake. Yeye atapata hela ya kumlipa mwalimu wa tuisheni, maisha yataenda. Lakini kuna dogo wa form two huko Mbagala au Buza naye ana swali lake la kasi au la umeme, na ameona dada wa watu alivyofanywa. Unadhani huyo atauliza?

Kama unajua, andika hatua. Kama hujui, soma za wenzako. Kama huna la kusaidia, pita kimyakimya.

Na wewe dada, rudisha ile posti. Safari hii utajibiwa.

Wadau mnasemaje? Dondosha komenti yako hapo chini.